Shangazi, uzi wangu unakatika!

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba jioni nikisubiri maharage yaive kwenye sigiri huwa nasokota uzi wangu mwenyewe kwa mkono, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki! Simu imejaa maswali mpaka nimefuta picha za harusi ya binti ya dada yangu ndio ipate nafasi (asisome hapa). Mengi yanafanana, nimechagua machache na nitajibu kama mtu aliyejifunza kwa kuharibu. Wale wa kroshia na vitambaa vya makochi mnisubiri, leo ni uzi tu.

*Shikamoo shangazi. Nataka kuanza kusokota ila kwenye video naona wazungu wana lile gurudumu la kukanyaga na mguu, nikaulizia bei ya kuliagiza nje nikakaa chini mwenyewe. Bila gurudumu haiwezekani? Msichana wa Ntinda, Kampala*

Marahaba mwanangu. Inawezekana sana, na hiyo pesa iache hapo hapo ilipo. Watu wamevaa nguo maelfu ya miaka kabla gurudumu halijajulikana, na uzi mwingi ulitoka kwenye kijiti chenye kisahani cha kukipa uzito, kinazungushwa kama pia ya watoto, na mimi nakiita hivyo hivyo, pia.

Ya kwako itengeneze leo. Tafuta sidii mbili za zamani, zile za nyimbo za injili zimelala chini ya tivi hakuna anayezisikiliza, na kijiti kilichonyooka cha urefu wa futi moja, unene uzidi penseli kidogo. Tundu la sidii lina milimita 15 kwa hiyo kijiti kitacheza humo ndani, sasa nenda kwa fundi wa boda muombe kipande cha tyubu, kata ukanda, uzungushie kwenye kijiti mpaka sidii ziingie kwa kulazimisha. Zikae karibu na juu, vidole viwili kutoka kwenye ncha, na pale kwenye ncha chomeka kiwaya ulichokipinda kama ndoano. Sidii moja ina gramu 15 hivi, mbili na kijiti na mpira unakaribia 40, huo ni uzito mzuri wa mtu anayeanza na sufu. Funga kipande cha uzi wowote kwenye kijiti chini ya sidii, kipandishe juu kipite kwenye ndoano, huo ndio uzi wa kianzio, sufu yako utaipachika mwisho wake.

Siku za kwanza usijaribu kuzungusha na kuvuta kwa pamoja kama wale wa kwenye video, wale wamefanya miaka. Zungusha pia mpaka uzi wa kianzio ujae msokoto, halafu ibane katikati ya magoti isirudi nyuma, sasa mikono yote miwili iko huru unavuta sufu polepole na msokoto unapanda wenyewe. Ukiisha, zungusha tena. Ni kama kujifunza baiskeli na mtu ameshika siti.

Na kama roho bado inataka gurudumu, ile charka ya Wahindi ni ya pamba, ndiyo aliyoipa sifa Gandhi. Huyo mzee sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye Nile pale Jinja mwaka 1948 na sanamu yake ipo pale kwenye chanzo cha mto, watu wanapiga selfi wanaondoka, mimi kila nikipita najisemea huyu angeniuliza uzi wangu uko wapi.

*Shangazi mimi niko Lira. Pamba nimeitoa shambani kwa mjomba, nimejaribu kusokota na pia ya sidii lakini kila nikivuta uzi unakatika, kila nikivuta unakatika, nimekasirika mpaka nimeitupia chini ya kitanda. Kosa liko wapi? Mama wa wawili*

Pole mama, itoe huko chini ya kitanda kwanza. Huna kosa kubwa, ila umeanza na mwalimu mkali. Unywele mmoja wa pamba yetu una urefu wa sentimita 3 hivi, wakati sufu nzuri inafika 10, sasa hebu fikiria unaunganisha kamba kwa vipande vifupi na mwenzako anaunganisha kwa virefu, nani atahitaji kukaza zaidi? Pamba inataka msokoto mwingi, mwingi kuliko unavyodhani, na kile kijiti chako, yaani pia, kiwe chepesi, kwa sababu ile pia ya sidii ikining'inia inauvuta uzi kabla haujashika. Wewe tafuta spoki ya baiskeli, chini yake pachika kifungo kikubwa cha koti au kidonge cha udongo wa mfinyanzi, gramu 20 tu zinatosha, na ncha ya chini iweke kwenye kibakuli kidogo ili uzito ubebwe na kibakuli sio uzi. Hapo tu nusu ya kukatika kwako itaisha.

Nusu ya pili, na samahani nitaongea sana hapa kwa sababu ndipo watu wanapotaka kuruka, iko kwenye kuandaa. Pamba ikitoka shambani ina mbegu, na mbegu ndio nzito, kilo tatu za pamba na mbegu zake zinakupa kilo moja tu ya pamba tupu. Usizitoe kwa kucha utalia. Weka kipande cha pamba juu ya ubao, chukua chuma cha mviringo, hata kipande cha nondo kilichosuguliwa kikawa laini, kisukume mbele kwa nguvu kama unasukuma chapati, mbegu inaruka mbele yenyewe na pamba inabaki nyuma. Kisha ichane. Brashi mbili za kuchania mbwa, zile zenye meno ya waya, zinatosha kabisa, weka pamba kidogo, kidogo nasema, chana moja juu ya nyingine mpaka uone kama wingu halina madoa. Halafu lizungushie kwenye penseli kwa wepesi, chomoa penseli, umebaki na kitu kama sigara nene ya pamba. Tengeneza kama ishirini kabla hujagusa pia, zipange kwenye kisanduku cha viatu, zisigandamizwe.

Sasa kaa. Mkono wa kulia unazungusha spoki, wa kushoto umeshika ile sigara, na hapa ndipo pa kuangalia, ishike kama umeshika kifaranga, ukibana tu hewa inatoka na pamba haiachii tena. Gusisha mwisho wake na uzi wa kianzio, ngoja sekunde uone msokoto umeingia, rudisha mkono nyuma polepole. Utaona uzi unatoka na mafundo mafundo, hapa mnene hapa mwembamba, usishtuke. Msokoto una tabia ya kukimbilia pembamba kwanza, pale panakaza, pale panene panabaki palaini bado pana hewa, kwa hiyo ukiendelea kuvuta kidogo kidogo ni pale panene ndipo panaponyooka. Unavuta mpaka uwe sawa, halafu ndio unaongeza msokoto wa mwisho wa kuufunga, unauzungushia kwenye spoki, unaanza tena. Siku nilipoona hicho kitu kwa macho yangu, yaani fundo linayeyuka lenyewe mbele yangu, nilimuita jirani aje aone, akaniangalia tu akarudi kufua.

Na ukikatika angalia ulivyokatika. Kama ncha zimeteleza zikaachana taratibu, zina manyoya marefu laini, msokoto ulikuwa mdogo. Kama umekatika kwa ghafla tap na ncha zimejikunja kama nywele za kipilipili, umezidisha. Hiyo ndio dawa, kila mara tazama ncha.

Mkimaliza na uzi umejaa, upige kitanzi kikubwa, funga kwa legevu sehemu nne, chemsha saa nzima kwenye sufuria ya zamani na sabuni na magadi kidogo. Maji yatatoka rangi ya chai, msiogope sio uchafu wenu, ni nta ya pamba yenyewe inatoka, na uzi unatulia haujikunji tena.

Halafu mama, mjomba mwambie akuwekee ya mwezi wa 12 kabla haijapakiwa. Nchi hii inalima pamba ya kuuza nje tangu 1903 na bado kumpata mtu anayeweza kuisokota ni kazi, hiyo inanikera kidogo lakini tuache.

(Aliyeniuliza kuhusu ile pamba ya bunda ya famasi: itasokoteka kwa taabu, imeshaondolewa nta na nywele zake ni fupi zaidi, uzi unakuwa dhaifu. Iache ikae na vidonda.)

*Sasa shangazi. Nyumbani Kabale tuna kondoo kumi na mmoja na baridi ya huku unaijua. Nimemnyoa mmoja na mkasi lakini sioni sufu, ni nywele tu kama za mbuzi, ama nimekosea kunyoa? Kijana wa Kigezi*

Hujakosea kunyoa, umekosea kondoo. Kondoo wengi wa kienyeji hapa kwetu ni wa nyama, mwili wao una nywele, sufu kama ipo ni kidogo sana imejificha chini, na zile nywele ni ngumu, nyoofu, zinateleza. Sufu ya kweli ukiiangalia kwa karibu imejipinda pinda kama wimbi, na kila unywele una vigamba vidogo vinavyoshikana na vya jirani yake, ndio maana inasokoteka hata na mtoto. Wenye sufu ni kina Merino na Corriedale, na wa karibu nasi wako Kenya kwenye nyanda za juu, Molo na Nyandarua. Ukimpata mtu anayepita Busia au Malaba muagize kilo mbili ya sufu chafu, ile haijaoshwa, muulize ilinyolewa lini na avute kishungi kidogo mbele ya simu kwa mikono miwili, kikikatika katikati kondoo aliugua au alilala njaa, usichukue.

Hao kumi na mmoja wako waachie sikukuu. Na huyo uliyemnyoa mfunike usiku, huko kwenu ni baridi.

*Shangazi nisaidie. Niko Busia, nilipata sufu ya Kenya nzuri nyeupe ina mafuta mafuta, nikaifua kwa maji ya moto na Omo nikaisugua vizuri ikaisha uchafu, nikaisuuza na maji baridi ya bomba, sasa imekuwa kama kipande cha godoro haichaniki. Nifanye nini? Dada wa sokoni*

Ndugu yangu hiyo imekwisha, ikatie soli za ndani za viatu na nakwambia kweli kabisa, zinafaa. Vile vigamba niliyomwambia kijana wa Kabale, ukivipa joto, sabuni na kusuguliwa vinaingiana kama zipu na havitoki tena, na ile kuhama ghafla kutoka moto kwenda baridi ndio ilimaliza kazi. Mimi ya kwangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, robo kilo, nilikaa kimya wiki nzima.

Ukipata nyingine fanya hivi. Itie kwenye mfuko wa nyavu, ule wa vitunguu, isishindiliwe. Beseni la maji ya moto ambayo mkono hauwezi kukaa zaidi ya sekunde mbili, kwa sababu yale mafuta ya kondoo hayatoki kwenye maji ya vuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo kidogo, koroga KWANZA halafu ndio uzamishe mfuko. Uzamishe kwa kuubonyeza, uache dakika 20, usiguse. Usisugue, usikoroge, mtoto asije kucheza hapo. Utoe kabla maji hayajapoa maana mafuta yatarudi kuganda humo humo, uingize kwenye beseni la pili la joto lile lile, mara mbili au tatu. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima cha chumvi. Kausha kivulini juu ya wavu, na usishangae kilo mbili zikirudi kilo moja, ule uzito mwingine ulikuwa mafuta, jasho na vumbi la Nyandarua ulilolilipia.

*Assalaam aleikum mwanangu. Mimi bibi yako wa Bombo, tumezoea kusuka vitanga na rangi zetu lakini macho bado yapo. Kuna msufi nyuma ya nyumba unaangusha sufi nyeupe laini kama hariri, wajukuu wanasema ndio hiyo unayoisema. Naweza kuisokota?*

Wa aleikum salaam bibi, shikamoo. Wajukuu wamedanganywa na herufi moja. Sufi ni ya mti, sufu ni ya kondoo, na nimeona hata wauza duka wanachanganya. Sufi yako ni nzuri macho tu, kila unywele ni mfupi, mtupu ndani kama mrija, na nje unateleza kama umepakwa nta, hakuna cha kushikana na mwenzake, kwa hiyo ukiisokota inasokoteka dakika moja halafu inaachana mkononi. Ndio maana tangu zamani imekaa kwenye mito. Ukiitamani sana changanya sehemu moja ya sufi na tatu za pamba wakati wa kuchana, pamba itaibeba, uzi utakuwa na mng'aro kidogo. Ila fanyia nje bibi, na leso puani, ile inaruka ikaingia hadi kwenye chai.

*Nimenunua uzi wa sweta soko la Owino, muuzaji kaapa ni sufu asilia. Nitajuaje?*

Kata kipande cha kidole kimoja, kishike na koleo juu ya sahani, uwashe. Sufu inawaka kwa uvivu, inanuka nywele zilizoungua na jivu lake ukilibonyeza linasagika. Pamba inawaka haraka kama karatasi, inanuka karatasi, jivu la kijivu laini. Kikiyeyuka kikatoa moshi mweusi na kikaganda kuwa kishanga kigumu, hiyo ni akriliki, plastiki tu, na huyo ndugu kaapa bure. Nyuzi nyingi za rangi kali za bei rahisi ni hiyo. Akriliki sio dhambi, inafulika vizuri, ila usilipie bei ya kondoo. Wewe wa Owino ungepita kwenye mivumba, yaani mitumba, ukatafuta sweta kuukuu iliyoandikwa kwenye lebo 100% wool, ukaifumua, ungepata sufu ya kweli na chenji ya roleksi mbili, zile chapati za mayai.

*Shangazi, huku Bushenyi migomba ndio dhahabu yetu, tukikata mkungu shina linaozea shambani. Nimesikia linatoa uzi. Nisokote kama pamba?*

Linatoa nyuzi ndio, lakini kama pamba hapana. Kamba za mgomba ni ndefu, zinaweza kupita mita, hazina mvuto wala wimbi, ni ndugu wa mkonge kuliko wa sufu. Chukua shina lililokatwa leo au jana, bandua maganda, ya ndani ndio laini ya nje ni ya kamba za kufungia mbuzi, lilaze ganda kwenye ubao na kwangua kwa kisu butu kutoka katikati kwenda mwisho mpaka nyama nyama na maji viishe, zibaki nyuzi. Osha, anika kivulini. Kabla ya kusokota zilowanishe, zikikauka zinasimama kama ndevu za paka, chana kwa kitana, chukua nyuzi chache chache, unaunganisha mpya kabla ile ya zamani haijaisha, na vidole vyako viwe na maji muda wote. Uzi wake unafaa mikeka, mikoba, vitu vya mezani. Sweta ya mgomba usimvalishe mtu unayempenda.

Vaa nguo mbovu. Utomvu wa mgomba ukishagusa blauzi umeingia ukoo, hautoki.

*Nimesokota sufu vizuri tu, ila nikiutoa kwenye pia uzi unajikunja wenyewe kama nyoka, hata kufuma siwezi. Fort Portal*

Una msokoto usio na wa kuushindana naye. Sokota nyuzi mbili, zote ulizungusha pia kulia si ndio, sasa zishike pamoja na uzungushe pia KUSHOTO, mbili zinakumbatiana na ule mkunjo wa kwanza unapungua mpaka zinatulia. Ukizungusha upande ule ule utazidisha balaa. Kujua zimetosha, acha kipande kilegee kininginie kati ya mikono yako, kikitulia kama herufi U umemaliza, kikijisokota bado. Mwisho loweka maji ya moto nusu saa, kamua ndani ya taulo, piga kitanzi kwenye ukuta mara mbili tatu kama unakung'uta mkeka, tundika. Usitundike jiwe chini yake ati kunyoosha, ukifua sweta itarudi kujikunja.

*Hongera kwa kazi shangazi. Nataka iwe biashara, sweta za uzi wa mkono kwa watalii wanaokuja Sipi. Ina faida? Mbale*

Tupige hesabu pamoja usije ukanilaumu. Sweta ya mtu mzima ya unene wa kati inakula mita 1,000 hivi za uzi. Lakini huo ni uzi wa nyuzi mbili, kwa hiyo ulisokota 2,000. Mimi nikikaa bila simu na bila mtu kugonga mlango nafika mita 50 kwa saa, wewe mgeni utafika nusu. Kwa spidi yangu hiyo ni saa 40, ongeza kama kumi za kuunganisha, hujaosha, hujachana, hujafuma hata mshono mmoja. Sasa taja bei utakayomwambia mtalii halafu gawanya kwa masaa hayo, uone kama unamzidi anayechoma mahindi barabarani.

Kofia ni kitu kingine. Kofia inakula mita 150 au chini, ni saa sita za kusokota, inaingia kwenye begi la mgeni na ukweli ni kwamba juu kule Sipi asubuhi anaihitaji. Au uza uzi wenyewe kwa vitanzi vya gramu 50, wanaofuma wenyewe wananunua, andika ni nyuzi gani, mita ngapi, uzito gani. Usikisie mita, zungushia kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, pima mzunguko mmoja kwa futi kamba, hesabu mizunguko. Mtu akinunua mita 100 akakuta 80 hatarudi na atasema. Ila mwaka wa kwanza vaa mwenyewe, uzi wako wa kwanza utakuwa na matuta kama barabara ya kijijini na hakuna mtalii atakayeelewa.

*Shangazi usinicheke. Mimi ni mwanaume, boda hapa Kasese, kwenye steji tunakaa hata saa nzima bila abiria tunabishana mpira tu. Naweza kusokota pale au ni kazi ya wanawake? Usiandike jina.*

Sikucheki na jina silijui. Ile nguo ya gome la mti wa mutuba ya Buganda, lubugo, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, tangu enzi inapigwa na mafundi wanaume, sijasikia mtu akiwaita wanawake. Gandhi alikaa na charka yake wakubwa wakaja kumuona hapo hapo chini. Wenzako watacheka siku tatu, ya nne mmoja atakuomba ajaribu, nakuahidi.

Kwenye steji ile pia ya kuning'iniza haifai sana, upepo, vumbi na anayetaka kwenda hospitali haraka. Chukua ya spoki, kibakuli kaa nacho mapajani, abiria akifika unauzungushia uzi kwenye spoki, unauchomeka mfuko wa koti umeondoka. Sigara za pamba zitengeneze nyumbani usiku uzibebe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, moshi wa pikipiki unaipaka pamba rangi haraka sana. Pamba hapo Kasese unaizunguka kila upande, nondo kwa mchomeleaji, spoki na tyubu hata sina haja ya kukuambia zinapatikana wapi. Sigara ishirini za kwanza zote zitakatika katika, ndio bei yake. Ya ishirini na moja nitumie picha.